Ngazi Iliyoota Ngozi

Wewe uliyeegemea nguzo ya msikiti, fumbua macho kidogo. Nikimaliza utalala.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, haoni kabisa, anaishi na mwanawe wa pekee juu ya mwamba wa pwani. Kazi yake kusokota kamba. Makumbi ya nazi huyafukia kwenye tope la bahari yalainike, kama wafanyavyo kina mama wa kwetu, na kila maji yakitoka hushuka kuyaangalia. Kutoka nyumbani hadi chini ni vipandio tisa vya saruji. Mama hushuka peku, mkono kwenye mwamba, anahesabu. Maji yakijaa, mawimbi yalivipiga vile vya chini kwa kishindo, na mwanawe aliishi na hofu moja tu: iko siku mama atachelewa kupanda, wimbi limchukue.

Mtoto gani asingeogopa? Hata mimi ningeogopa.

Basi kijana akabeba mawe mwezi mzima, akajenga ukuta wa kuzuia mawimbi. Kipandio cha tisa tu kilibaki nje, kwa sababu mawe yalimwishia. Ndani ya ukuta maji yakawa yanapanda na kushuka polepole, bila sauti. Mama akamwombea dua mpaka akalia.

Haikupita wiki mbili. Mama anashuka, akafika kipandio cha sita, akarudisha mguu.

"Mwanangu, ngazi imeota ngozi."

"Ngozi gani tena, mama?" Kijana akainama, akatazama. Saruji ni ileile, nyeupe. "Hakuna kitu hapa. Ni maji tu yametulia."

"Kuna kitu kimelala. Nimekikanyaga, kikakaa kimya."

Jamani, baharini mna viumbe wadogo mno, jicho haliwaoni. Wanaelea, wakigusa jiwe wananata. Pale wimbi linapopiga, wengi hung'olewa kabla hawajashikana. Pale maji yalipolala wanashikana, wanatandika, wenzao wanakuja kulala juu yao. Nani aliwasikia wakifanya kazi?

Mama hakukikanyaga tena kipandio cha sita. Kila siku husimama cha tano, anagusa cha chini yake kwa ncha ya fimbo, kisha anakaa pale, uso baharini, kama anayesikiliza mtu anayepumua chumba cha pili.

"Kinanenepa," alimwambia mwanawe. "Jana fimbo iligonga saruji. Leo imezama."

Kufikia hapo kijana alikuwa anaona kivuli cha kijani, lakini ukuta wake alikuwa anaupenda. "Hiyo rangi tu, mama. Unajitia hofu bure. Makumbi yataharibika, nakwenda kuyafukua mwenyewe."

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, na yeye ana macho yake mawili mazima. Mama aliposikia nyayo zake akaanza kuhesabu nazo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Ya sita hakuisikia.

Majirani walimkuta kijana chini, ameteleza, kiuno kimevunjika, ameshikilia kipandio cha tisa, kile cha nje ya ukuta. Hicho kilikuwa na utando mwembamba tu, saruji yake bado inakwaruza mkono. Mama akawaomba waubomoe ukuta siku hiyohiyo. Wakamuuliza, na mawimbi je?

"Yaacheni yapige," akasema. "Yakipiga najua pa kukanyaga."

Mpaka leo asiyeona ndiye anayemwinua na kumlisha mwenye macho.

Na sisi je? Mwaka ule maradhi yalipotupiga, hapa alfajiri safu zilifika mlangoni. Tulilia, tukasema Mola tupe utulivu. Akatupa. Leo alfajiri tulikuwa watu saba, nami niliyewaiteni nilichelewa. Tulianza kwa kuacha jambo dogo, tukajitazama, hatukuona kitu. Likalalia jingine juu yake. Kila mmoja wetu anasema moyo wangu ni uleule, mweupe. Aliyekwambia ni nani, jicho?

Mkitoka hapa msiharakishe kuvaa viatu. Simama kidogo kizingitini, mguu mtupu, uusikilize. Mimi wangu niliusikiliza leo wakati nakuja, na haukulia, kama ile hatua ya sita.