Fisi Achagua Marashi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa chupa mbili."

"Zifungue tunuse."

Hapo kale, sokoni mwa wanyama, palikuwa na duka lililouza marashi ya aina mbili tu: ya asumini na ya afu. Maua hayo ni ndugu, na harufu zake zinakaribiana mno.

Jumatatu, tarehe tatu Juni, Fisi alifika dukani. Kanu, mnyama wa madoa afananaye na paka, ndiye aliyekuwa zamu, akamchagulia asumini. Fisi akanusa, nuf, nuf, akasema, "Nilitaka afu." Akamla Kanu.

Jumanne, tarehe nne, alikuwapo Digidigi. Akamchagulia afu. Fisi akanusa, nuf, nuf, akasema, "Nilitaka asumini." Akamla Digidigi.

Jumatano, tarehe tano, saa nne kamili za asubuhi, zamu ilimwangukia Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba, kipua. Nichagulie yaliyo bora. Leo sijastaftahi."

"Mimi ni nani hata nimchagulie mkubwa? Tuwaachie wajuzi. Nyuma ya duka upo mzinga, na nyuki wake hushinda katika maua haya. Jipake asumini ubavu wa kulia, afu ubavu wa kushoto, tone moja moja. Watakapotua wengi, hapo ndipo penye marashi bora."

"Kisha nitakula?"

"Kisha utakula, Bwana, ukiweza."

"Tone moja ni la maskini," Fisi akasema. Akamimina chupa nzima kulia, chururu. Akamimina chupa nzima kushoto, chururu. Akaenda kusimama mbele ya mzinga.

Vuuu, nyuki wakatua kulia. Vuuu, wakatua kushoto.

"Wengi wako wapi?" akauliza Fisi.

"Sijamaliza kuhesabu, Bwana. Tulia, usiwapige."

Fisi hakuzoea kuambiwa atulie. Akapiga mkia kulia, pa. Wakamchoma kulia. Akapiga mkia kushoto, pa. Wakamchoma kushoto. Ndipo wakaijia pua.

Fisi akatimua mbio katikati ya soko, nyuki nyuma yake, na soko zima likampigia vigelegele.

"Bwana Fisi," Sange akaita, "tukufungie asumini au afu?"

"Yote yananuka tu," Fisi akajibu kwa mbali, na hadi leo hajaonekana sokoni. Duka likawa la Sange.

"Chupa zangu zimekwisha, zizibeni."

"Tumeziba."

Basi mafunzo ni haya: muuzaji na amtii mteja na kumtimizia haja yake yote. Mteja aliyehudumiwa vyema harudi kulalamika.