Askari wa Ua wa Mabua

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakilima na kugombea mipaka kama sisi, alikuwepo Bi Kindi. Nyie wawili mnaochekana huko nyuma, tulieni! Hii ni habari ya njaa.

Kijiji chao kilikuwa na mila yake. Wakishavuna mahindi, mabua walijengea ua kuzunguka nyumba. Ua mrefu, heshima kubwa! Ila hakuna aliyeruhusiwa kuuzidi ua wa mkuu wa kijiji, na mkuu alikuwa Mzee Nyati. Ua wake, jamani, hata Twiga alichungulia kwa tabu.

Sasa misimu miwili mahindi yaligoma. Mche ukifika magotini, jani la katikati linakauka. Ukilivuta, pwa! Linakuja lenyewe. Bi Kindi alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu, na wanawe walikuwa wamekonda. Mbegu hiyo nayo ikiharibika, basi tena.

Siku moja akavunja bua la ua wake apate kuni. Ka! Ndani amelala funza mnono, hana habari. Akavunja jingine. Funza! Jingine. Funza!

Akamtia mmoja kwenye kifuu, akawa anamnyunyizia maji kama mvua. Kumbe alikuwa amelala tu! Akaamka, akajigeuza, na siku moja akatoka nondo, puru! Akaruka moja kwa moja kwenda shambani.

"Loo!" Bi Kindi akashika kichwa. "Tunamtafuta mchawi wa mahindi yetu, kumbe tumemjengea nyumba!"

Siku hiyohiyo akauchoma ua wake wote, kisha huyo, mbio kwa mkuu.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Nasikia umechoma ua wako. Una wazimu?"

"Mzee, mabua yana funza. Mvua ikinyesha watakuwa nondo, watataga kwenye mahindi ya kila mtu, na funza wapya watatafuna jani la katikati kwa ndani. Nikichoma peke yangu haisaidii. Tubomoe sote."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Mimi nivunje heshima yangu kwa ajili ya funza? Nenda kalee watoto, Bi Kindi."

Bi Kindi akaondoka, machozi ya hasira yanamlenga. Lakini alishaamua. "Ua huu utaanguka," akasema, "na wewe mwenyewe ndiye utakayeuangusha."

Kesho yake mchana, Nyati amejilaza uani anacheua, akasikia kisauti chembamba ndani ya mabua.

"Jamani, askari wetu amelala?"

Kingine kikajibu, "Nani, Nyati? Mwache. Yeye analinda, sisi tunalala!"

Alikuwa nani? Bi Kindi huyo, amejibanza kwenye mabua, na sauti kaibana!

Nyati akaruka. "Nani huyo?"

"Sisi wenye ua!"

"Ati nini?" Puu! Nyati akapiga pembe. Kacha-kacha-kacha! Upande mmoja chini.

"Hujanipata!" Kisauti kiko upande wa pili. "Askari gani hana shabaha?"

Puu! Kacha-kacha! Akazunguka, akapiga, akakanyaga, povu linamtoka, mpaka ua wote ukawa makapi. Ndipo Bi Kindi akatoka kwenye vumbi akikohoa.

"Kumbe ni wewe!" Nyati akainua kwato. "Nitakusaga!"

Bi Kindi hakukimbia. "Nisage, Mzee. Kwanza tazama unachokanyaga."

Nyati akatazama. Lahaula! Funza wametapakaa, wanajinyonganyonga, na Kanga na wanawe wamekwishafika, do-do-do, wanadonoa. Nyati akakumbuka ndama wake walivyolala na njaa msimu uliopita. Kwato akaishusha polepole.

Majirani wakajaa. Fisi akaanza, "Hi-hi-hi! Mkuu hana ua!"

Nyati akaona aibu. Bi Kindi akadakia, "Mzee, hebu tukumbushe mila. Nani anaruhusiwa kuuzidi ua wako?"

Nyati akatazama makapi. Akamtazama Bi Kindi. Taratibu, ikamwingia.

"Hakuna!" akanguruma. "Ua wangu ndio huu mnaoukanyaga. Atakayeuzidi, atanijua!"

Fisi kicheko kikamkauka. Walibomoa huku wananung'unika, lakini walibomoa. Ndama wakala mabua yaliyolika, mengine yakachomwa moto, na kijiji kizima kikawa wazi.

Mvua ikanyesha. Bi Kindi akapanda mbegu za kibuyu chake. Mahindi yalipofika magotini, akaingia shambani, akashika jani la katikati, akavuta.

Likakataa. Akavuta la mche wa pili. Nalo likakataa! Akaketi palepale kwenye udongo, akalia kwa furaha, na wanawe wakamzunguka wakiuliza kulikoni.

Basi shikeni hili, wanangu: adui uliyemjengea nyumba haogopi pembe zako, mbomolee nyumba.