Wimbo wa Ndani ya Tenki

Kaeni mkao wa kuhukumu, si wa kusinzia. Mwenye haraka ya kupiga makofi aifiche kwanza mikono yake kwapani, maana nawaletea watu watatu na zawadi moja, na hatuachani hapa mpaka zawadi imepata mtu.

Wa kwanza ni Nyamizi. Kipaji chake ni koo. Sikusema koo zuri, msije mkanisingizia. Sauti yake ina ufa katikati, kama chungu kilichodondoka kikaokotwa. Neno likifika kwenye ule ufa hutetemeka, ukadhani linaanguka, nalo lisianguke. Na maneno anayatunga mwenyewe.

Wa pili ni Shigela, fundi redio. Kipaji chake ni masikio. Akipita nje ya nyumba yako atakuambia feni yako i karibu kuungua, utamcheka, na feni itaungua.

Wa tatu ni Mwavita, muuza dawa za wadudu minadani. Kipaji chake ni kufikisha. Neno akilitoa asubuhi kwenye mnada wa ng'ombe, jioni linasemwa katika vijiji ambavyo yeye mwenyewe hajavikanyaga.

Mji wao ni mdogo, uko Unyamwezi, na bomba lake lilikuwa limekauka kitambo. Nyamizi aliishi kwa shangazi yake, Bi Kalunde. Ndoa ilimshinda. Si ndivyo mnavyopenda kusema? "Ndoa imemshinda," kana kwamba ndoa ni gunia la mahindi na mwenye mgongo mbovu ni yeye. Alirudishwa na sanduku lake, na Bi Kalunde akampokea kwa sharti.

"Utakula, utalala, utavaa. Kuimba, hapana. Mwanamke aliyerudishwa akiimba, watu watasema anasherehekea."

"Shangazi, nyimbo zangu hata si za sherehe."

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Watasema unalalamika."

Mmesikia? Akifurahi kosa, akilia kosa. Ufunguo wa lango ulikaa kiunoni mwa shangazi, kwenye pindo la khanga, na Nyamizi alitoka kwa ruhusa na kurudi kwa kuulizwa umechelewa nini.

Uani palikuwa na tenki jeusi la plastiki, kubwa, lililonunuliwa kusubiri maji yasiyokuja. Siku moja shangazi akiwa msibani, Nyamizi alipanda ngazi, akafunua mfuniko, akajishusha ndani. Humo mlikuwa na joto la tanuri, na harufu ya plastiki ikamkaba. Lakini alipofungua kinywa, sauti ilimzunguka, ikamrudia, ikamkalia mabegani. Akacheka peke yake gizani. Alikuwa ametoka gereza kubwa akaingia dogo, na humo kwenye dogo ndimo alimopumua.

Ikawa desturi. Bi Kalunde akiwa na msiba au harusi, Nyamizi ana tenki.

Sasa Shigela. Aliitwa kuitengeneza redio ya Bi Kalunde, na mwenye redio akavuka kwa jirani kuomba chumvi. Masikio yetu sisi yasingenasa kitu. Yeye aliweka bisibisi chini, akaenda hadi kwenye tenki, akagonga.

"Nani humo?"

Sauti ya plastiki ikajibu: "Hakuna mtu."

"Basi huyo hakuna-mtu aendelee. Ameishia patamu."

Tangu siku hiyo redio ya Bi Kalunde haikupona. Kila mara palikuwa na kiwaya cha kurudia. Shigela aliivika soksi simu yake kuukuu na kuining'iniza kwa kamba kutoka kwenye mfuniko. Juu mno, ukasikika mvumo mtupu. Chini mno, zikasikika pumzi tu. Akawa anaishusha kidole kwa kidole, akaegemeza viroba vya mchanga ubavuni mwa tenki ili kuua ngurumo, mpaka siku moja sauti ya Nyamizi ilipotangulia na mwangwi wake ukaifuata nyuma kwa adabu. Wimbo ukanaswa, na joto lake, na mkwaruzo wake:

*Mlango huu nimeuzoea,
naujua kwa mgongo,
sijawahi kuuona kwa nje.*

"Umetoka," Shigela akasema.

"Wimbo ndio uliotoka," akajibu Nyamizi. "Nishikie ngazi."

Sasa Mwavita. Spika yake ya mnadani ilikuwa imekufa, akampelekea Shigela. Fundi alipoifufua aliijaribu kwa wimbo wa Nyamizi, akaisahau humo humo kadi yenye ule wimbo. Mnadani, Mwavita akaminya kitufe arekodi tangazo lake upya, asijue kwamba wimbo ulikuwa unaendelea chini kwa chini. Vyote viwili vikaingia pamoja. Spika ikaanza kuzunguka katikati ya ng'ombe na mitumba, Nyamizi analia "sijawahi kuuona kwa nje," na kabla neno halijatua, sauti ya Mwavita inalidaka: "Panya, mende, kunguni, chawa! Popote walipojificha, wanatoka!"

Mnada ukasimama. Mzee aliyekuwa akibishania fahali aliiacha kamba. Mama mmoja mwenye kuku mkononi alicheka hadi akatokwa machozi, kisha hakujua tena ni machozi ya nini.

"Weka tena ule wa kunguni!"

"Nauza dawa jamani, si santuri!"

"Weka tena!"

Akaweka. Kila mwenye simu akaomba arushiwe, na wimbo ukapanda pikipiki, ukapanda malori ya ng'ombe, ukaenda.

Nyamizi aliusikia akiwa jikoni. Pikipiki ilipita nje ya ukuta imeibeba sauti yake, mbio, ikikata kona kuelekea asikokujua. Sauti yake ilikuwa barabarani. Mwenye sauti alikuwa ameinama anakwangua ukoko wa sufuria.

Siku Mwavita alipokuja, kwa kuelekezwa na Shigela, na unga wa dawa ya mende kama kisingizio cha kuingia, Nyamizi aliitambua ile sauti ya kunguni, akamkabili pale pale uani, kwa sauti ya chini maana shangazi alikuwa ndani.

"Dada Mwavita, umetia kunguni kwenye machozi yangu!"

"Mdogo wangu, machozi yako yalikuwa yamekaa kwenye tenki. Kunguni ndio walioyatoa."

"Nani aliyekuruhusu?"

"Nani aliyekuruhusu wewe kuimba?"

Hapo wakatazamana, na wote wawili wakashindwa kuzuia kicheko.

Basi wimbo ulikwenda mpaka ukamfikia mwanamke mmoja anayeitwa Aneth. Huyu alitoka Pangani, kwenye nyumba ya wanamuziki wasio na bosi. Kule hakuna kampuni wala meneja. Kila mtu anatengeneza muziki wake chumbani kwake, mbaya au mzuri, na kuutoa mwenyewe. Chumba kimoja kilikuwa kimebaki wazi. Mwaka mzima, kula na kulala bure, na mlango mgeni anaufunga na kuufungua mwenyewe.

Aneth alifika na gari, akaketishwa kibarazani kwa Bi Kalunde, watatu wetu wakaitwa, naye akasema, "Nimetumwa nimlete mwenye wimbo. Mwenye wimbo ni nani?"

"Mimi," wakajibu watatu. Hivyo ndivyo Bi Kalunde alivyoijua siri ya tenki, akaudhika, ila gari la mgeni langoni likamfanya avumilie.

Msiwaone walafi. Nyamizi mnamjua alipofungiwa. Lakini Shigela naye baba yake, mwenye bucha, alikuwa ameshamwambia kibanda cha redio kinavunjwa na yeye anahamia kwenye nyama. Kijana anayesikia feni ikiugua kabla haijaugua, kutwa nzima asikilize msumeno ukipita kwenye mfupa! Mwavita naye huzunguka minada ile ile mwaka nenda mwaka rudi, kama ngamia wa kinu cha mafuta. Spika ni ya tajiri, dawa ni za tajiri, na magoti, ambayo ndiyo yake mwenyewe, yamekwisha. Na kulikuwa na jambo lingine. Mafundi wa bomba walikuwa wamefika mtaa wa pili. Maji yalikuwa yanarudi, watu wakishangilia, na Bi Kalunde alishasema tenki lisuguliwe lijazwe. Ni Nyamizi peke yake katika mji ule aliyesikia habari ya maji akahisi kiu.

"Tupime," Aneth akasema. "Siku ya mnada nitaondoa mmoja mmoja, tuone wimbo utasimama kwa miguu ya nani."

Kwanza wakamwondoa Nyamizi. Shigela alimshusha tenkini binti wa kwaya, mwenye sauti nyororo isiyo na ufa. Simu ikiwa na soksi yake, Mwavita na kunguni wake. Wimbo ukapigwa mnadani. Ulikuwa mzuri. Watu wakasema, "Mzuri," wakaendelea kupima viatu.

Kisha wakamwondoa Shigela. Nyamizi aliingia tenkini peke yake, akashika simu kwa mkono wake, bila soksi wala viroba, akaimba mpaka jasho likamwingia machoni. Mwavita akaita panya na mende wote. Spika ilipofunguliwa kukatoka ngurumo kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Watoto wakakimbia kwa furaha. Wakubwa wakaziba masikio.

Mwisho wakamwondoa Mwavita. Wakaupiga wimbo ule ule wa awali wa Nyamizi, koo lile lile, tenki lile lile, bila tangazo. Watu wakasikiliza hadi kwenye "kuuona kwa nje," wakavuta pumzi wakingoja. Kimya. "Kunguni wako wapi?" mmoja akauliza, na mwingine akamjibu, "Huu ni wa msiba, twende zetu."

Basi mmeona wenyewe. Toa figa moja jikoni, chungu kinamwagika.

Wakarudi uani kwa Bi Kalunde, na hapo ndipo walipoacha kuwa marafiki.

"Bila koo langu mngerekodi nini?" alisema Nyamizi. "Tenki?"

"Bila masikio yangu ungekuwa bado hakuna-mtu," alisema Shigela. "Wewe mwenyewe ulijiita hivyo."

"Na bila mimi," alisema Mwavita, "mngekuwa wawili mnaosikilizana kwenye pipa."

"Wewe ulikosea kitufe tu, dada!"

"Nilikosea mara moja, mdogo wangu. Kuuzungusha minada yote kwa magoti haya sikukosea."

Ilikuwa kweli, na ukweli ulimkasirisha Nyamizi. Akamgeukia Aneth. "Nikija huko, nitaimba nini?"

"Hivi hivi," Aneth akasema kwa upole. "Tafadhali usijifunze kuimba vizuri. Watu wanakupenda ukiwa na huo ufa. Tutakutafutia hata tenki."

Aneth hakuwa na ubaya. Lakini Nyamizi alihisi mfuniko ukiteleza juu ya kichwa chake. Shangazi alimtaka asiimbe kabisa. Hawa walimtaka aimbe, ila kutoka humo humo. Hakuna aliyemuuliza angeimbaje akisimama uwanjani, upepo ukimpuliza, kwa koo ambalo labda lingepona. Hata hivyo alikitaka kile chumba. Alikitaka mpaka meno yakamuuma. Afadhali tenki ambalo mfuniko wake unaufunga mwenyewe.

Bi Kalunde akatoka ndani, pindo la khanga limekazwa. "Achukuliwe mmoja, kelele ziishe. Akienda huyu wangu, nitasema amekwenda kusoma. Akibaki, abaki na masharti yake. Na hilo tenki kesho linajazwa."

Najua, kuna mjuzi hapo nyuma kanyoosha mkono: wagawane mwaka, kila mmoja kipande chake. Shigela alilisema hilo kabla yako, ndugu yangu. Aneth akamjibu kwamba nyumba iliwahi kufanya hivyo, na wageni wa vipande walikaa wakitazama mlango, hakuna aliyetoa hata wimbo. Ni mmoja, mwaka mzima, au chumba anapewa mwingine asiyehusika. Na wewe unayetaka kusema mtunzi ndiye mwenye mali, nenda kwanza kasikilize ile ngurumo ya ng'ombe kisimani. Na wewe unayesema apewe mwenye shida kubwa, nitajie basi mizani yako inapimaje: lango la shangazi kilo ngapi, msumeno wa bucha kilo ngapi, magoti yaliyokwisha kilo ngapi?

Wakakesha bila kukubaliana. Asubuhi Aneth aliwasha gari. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja. Nyamizi alikuwa amesimama na sanduku lake, Shigela na mfuko wa bisibisi, Mwavita hana kitu mkononi kwa sababu vyote ni vya tajiri. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Maji yalikuwa yameanza kuingia tenkini; yalisikika yakipiga chini, plastiki ikiitika.

"Ninyi mmeshindwa," Aneth akasema, "na mimi si hakimu. Waamue walioupenda." Akateremsha kioo, akawageukia watu wa mnada waliokuwa wamejaa barabarani kuaga.

Watu wale ni ninyi. Msiangaliane. Mliurusha kwenye simu zenu, mkauimba mkiswaga ng'ombe, mkaucheka, mkaulilia, na hakuna aliyewahi kuuliza anayeimba yuko wapi. Siku mlipoutaka wimbo mlipaza sauti bila haya: "Weka tena!"

Haya, pazeni na leo. Nani apande?