Kalamu za Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kichaka, kichakani nyumba, nyumbani msiba. Nyamazeni basi. Na wewe unayetafuna miwa, tafuna polepole.

Hapo kale palikuwa na Bi Kanga, mjane, mzee, hana mtoto. Alikuwa akimlea Kwale, yatima aliyemwokota nyasi zikiungua. Mtoto wa kulea harithi, na kichaka kizima kililijua hilo. Bi Kanga akipiga chafya tu, kaka yake, Bwana Madoa, huyo, kaja kuipima nyumba kwa macho.

"Nyumba hii naiweka wakfu kwa Kwale, isirithiwe na mtu," akasema Bi Kanga. "Kadhi Bundi ataniandikia hati."

Lakini kwa Bundi ni mbali, na miguu ya bibi imechoka. Jirani yake Nungunungu akasikia. Akatikisa mgongo: chaka, chaka, chaka!

"Bibi, mwandishi ndiye mimi."

"Una idhini ya Kadhi?"

"Kalamu hizi huzioni?"

"Nimekuuliza idhini, baba."

Chaka, chaka, chaka! "Idhini ya nini, na kalamu zimeniota mwilini?"

Mnacheka? Bi Kanga naye alicheka, akakubali. Nungunungu akachomoa mwiba, akaandika: "Nikifa, nyumba yangu iwe wakfu kwa Kwale." Hilo "nikifa" alilitia mwenyewe. Aliona linaipa hati uzito, mjinga yule!

Masika yakaja, Bi Kanga akafa. Kwale akalia, akalia, akalia hadi sauti ikakauka. Matanga hayajaanuliwa, Bwana Madoa yuko mlangoni. Wakaenda kwa Bundi, na Nungunungu pamoja nao.

Bundi akasoma. "Kaandika nani?"

"Mimi, Kadhi. Idhini sina."

"Kwa hilo utaadhibiwa wewe, hati nisingeitupa. Ila wakfu hutolewa na mtu aliye hai, hausubiri kifo. Hili 'nikifa' limeuvunja. Bi Kanga amekufa nyumba ikiwa bado yake, basi ni ya mrithi."

"Nifute neno moja tu, Kadhi!" Nungunungu akachomoa mwiba.

"Futa. Kisha kamwamshe Bi Kanga aseme upya."

Nungunungu akauangusha mwiba chini. Miiba yote kimya.

Kwale akatoka bila hata mkeka. Naumia kila nikifika hapa, jamani. Ndiyo maana hadi leo kwale hulala chini, nyasini, na ukimkaribia huruka kwa kishindo. Anadhani nawe umekuja kumtoa.

Ngano yangu naitua hapa. Ikikufaa, ibebe, ikikuchoma, niachie mwenyewe.