Kizingiti cha Fundi Haidari

"Mlango hupimwa na aingiaye." Mmeisikia sasa hivi, vijana, mkauliza nani aliyeisema kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na seremala, Haidari, bingwa wa milango ya nakshi. Mji ulipojenga chuo cha kuwafundisha ufundi vijana wenye ulemavu, alijitolea kuchonga mlango wake bure.

"Watoto hawa wamezoea kupitishwa uani," alisema. "Nitawapa mlango wa kifalme."

Akachonga mawaridi kwenye miimo, na chini, kama ilivyo desturi ya nyumba za heshima, akaweka kizingiti cha mninga, kimo cha shubiri nzima.

Siku ya ufunguzi alivaa kanzu mpya. Wa kwanza kuitwa aingie alikuwa Mwatima, binti aliyekuja kujifunza ushonaji. Alisukuma kiti chake cha magurudumu huku vigelegele vikirindima. Magurudumu yakagonga kizingiti, ngo! Vigelegele vikakatika.

Haidari alikitazama kizingiti chake. Alikuwa amepima mbao, ukuta, hata kina cha kila ua. Aingiaye hakumpima.

Wanaume wakakimbilia kumbeba Mwatima.

"Msiniguse!" akasema. "Leo mtanibeba kwa shangwe. Na kesho asubuhi? Na nikipata kazi, niende na wapagazi?"

"Basi rudi nyumbani kwanza, mjukuu wangu, tutafute njia," mzee mmoja akambembeleza.

"Babu, nyumbani ndiko ninakorudishwa tangu nizaliwe."

Maneno hayo yalimchoma Haidari kuliko patasi.

"Nileteeni msumeno!"

"Fundi, umerukwa na akili? Mninga ule!"

"Kurukwa na akili ni kumjengea mtu heshima asiyoweza kuivuka."

Akapiga magoti na kanzu yake vilevile, akaanza kukata. Kizingiti kilipong'oka, Mwatima akaingia mwenyewe. Alipofika ndani akageuka.

"Ahsante, baba. Ila kanzu imekuchanikia gotini. Itunze, nikishajua kushona uniletee."

Akajua kushona. Alipohitimu alifungua kibanda chake kando ya karakana ya Haidari, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kanzu ile.

Tangu hapo Haidari hakugusa futi kabla ya kuuliza, "Ataingia nani?" Mafundi wenzake walipomcheka, aliwaonyesha kile kiraka cha gotini, akawaambia: "Mlango hupimwa na aingiaye."