Upande wa Ndani wa Ngao ya Mrindoko

Zama hizo za mababu, milima ya Kwagoda ilipokuwa bado haina mwenyewe, alikuwepo Mrindoko mwana wa Kangero, mwana wa Mbonea mhunzi. Mrindoko mnyonga chui, mwenye sauti ya kuvuka bonde, aliyewapandisha watu wetu huku juu wakapata pa kuwasha moto. Nyinyi mnaobeba jina lake, tulieni msikie limetugharimu nini.

Ngao ya mtu wa enzi hizo ndiyo iliyomtambulisha. Hakuna aliyejichorea, mama ndiye aliyechora, kwa udongo mwekundu wa ngeu, masizi na chokaa, na alichora lililotendeka tu. Juu ya ngao ya Mrindoko, Nakijwa mamaye alichora doa jeusi la chui, na chini yake mstari mwekundu wa kivuko ambacho mwanawe alikilinda peke yake dhidi ya wavamizi mpaka maji yakabadilika rangi. Lakini mfiwa aligeuza ngao yake, michoro ikatazama kifua, naye hakusema na mtu hadi afike kwao anyolewe.

Ndivyo alivyorudi Senzia, mdogo wake Mrindoko, kutoka ukweni alikomzika mkewe, habari zikiwa hazijamtangulia. Mrindoko alikuwa akilinda kivuko, ukungu umetanda. Akaona ngao isiyo na alama, kama zile za wavamizi. Akauliza, "Nani?" Akauliza tena. Kimya. Akatupa mkuki, na mkono ule haukuwa na mazoea ya kukosa.

Alipoigeuza ngao ya marehemu, akaona mchoro wa mkono wa mama yake. 

Wazee, waliokwisha kuandaa kigoda cha kumtawaza, wakasema, "Tuseme wavamizi ndio waliomwua. Tukikukosa wewe, nchi hii imetuponyoka." Naye, kwa aibu, akakubali. Lakini tangu hapo, kila ukungu uliposhuka, sauti ya upole ilimjia mlangoni ikijibu swali lake la kivukoni: "Ni mimi, kaka." Mnyonga chui akawa anaogopa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Na kila asubuhi Nakijwa alimwuliza ni nani hasa aliyemwua Senzia, apate kumlaani kwa jina.

Siku ya kutawazwa, mbele ya umati, Mrindoko akampa mama yake ngao.

"Mama, chora lililobaki. Senzia nilimwua mimi."

Nakijwa hakupiga yowe. Aliigeuza ngao, akachora upande wa ndani, mahali panapogusa kifua, umbo jeupe la mtu asiye na mdomo. Kisha akasema, "Nimezaa wawili, sina wa kumlaani. Nenda mwanangu, kamwitikie ndugu yako."

Ukungu ulikuwa umeshuka. Mrindoko akaingia ukunguni bila mkuki, akiita, "Senzia!" Watu wakasikia sauti mbili zikizungumza, zikipanda mlima, zikififia. Hakuonekana tena, wala mwili haukupatikana.

Ndiyo maana ngao zetu huchorwa pande zote mbili. Na mfiwa wa ukoo wa Mrindoko hakai kimya: akiulizwa ni nani, hujibu, hata kwa kwikwi, hujibu, ili nduguye amjue.