Chumba Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Kama una ufunguo wa mlango wowote ule, uwe wa ofisi, wa stoo au wa kabati la dawa, hadithi hii ni yako. Isome hadi mwisho, kisha mtumie mwingine mwenye ufunguo.

Kulikuwa na shule moja ya msingi huko kwenye milima ya chai, mahali ambapo mvua haina msimu na baridi ya asubuhi inaingia hadi kwenye mifupa. Wazazi wengi wa pale walikuwa wachumaji wa chai. Lori la shamba liliwapitia alfajiri, nalo halikumngoja mtu. Ukilikosa, nafasi yako ya siku hiyo inachukuliwa na mwingine. Walimu nao walifika shuleni jua likiwa limeshatoka. Kati ya lori na kengele ya shule, watoto hawakuwa na mwenyewe. Na mchana ilikuwa hivyo hivyo. Masomo yakiisha, wazazi bado wako shambani, watoto wanazagaa barabarani hadi jioni.

Siku moja kwenye kikao cha wazazi alisimama mama mmoja. Alikuwa mchumaji, mjane, mwenye mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Sekela, ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Mama Sekela hakuwa msemaji. Alizungumza huku akiikunja na kuikunjua pembe ya kanga yake.

"Mwalimu Mkuu, na ninyi wazazi wenzangu, mimi naomba chumba. Chumba kimoja tu, na mtu mzima mmoja wa kukaa na watoto wetu kabla ya shule na baada ya shule. Wanywe uji, wafanye kazi walizopewa na walimu, na sisi tukirudi tuwakute salama."

Wazazi walipiga makofi. Mwalimu Mkuu, aliyeitwa Mwalimu Mwaisumo, alipiga makofi kuliko wote. Niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ungemjua ukajihadhari naye.

Basi ukaitishwa msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima. Kila Jumamosi wanaume walisomba mchanga na matofali, wanawake wakateka maji, na watoto wakabeba mawe madogo kwa furaha, kwa sababu walijua wanajijengea wenyewe. Ukuta ukapanda, bati likaezekwa, rangi nyeupe ikapakwa. Ndani vikawekwa viti vidogo, mikeka mipya, jiko na sufuria kubwa ya uji. Juu ya mlango wakaandika kwa herufi za bluu: KLABU YA ASUBUHI NA JIONI. Bibi Kissa, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, akakubali kukaa na watoto.

Mwalimu Mkuu akatangaza, "Jumatatu ijayo tunaanza."

Wazazi wakaamini. Mama Sekela alikuwa na binti wa jirani aliyekuwa akikaa na Sekela asubuhi. Akamshukuru, akamwambia sasa yuko huru, na yule binti akaenda zake mjini kutafuta kazi.

Jumatatu ilipofika, mlango ulikuwa na kufuli. Na mbele ya mlango ulikuwa umefungwa utepe mwekundu, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile.

"Tumepata mgeni rasmi!" Mwalimu Mkuu aliwaambia wazazi, uso ukimng'aa. "Mheshimiwa mwenyewe, si mwakilishi. Atakuja Ijumaa kutuzindulia. Tuvumilie kidogo."

Ijumaa mgeni hakuja, alikuwa na vikao. Ijumaa iliyofuata alikuwa safarini. Baadaye akafiwa, na baada ya hapo barabara ikaharibika kwa mvua. Kila mara watoto walifundishwa upya wimbo wa kumkaribisha, turubai likafungwa na kufunguliwa, na kufuli likabaki pale pale.

Huku nyuma lori la chai halikuwa na habari ya uzinduzi. Alfajiri Mama Sekela alimleta mwanawe shuleni, akamwacha na wenzake kwenye kibaraza cha kile chumba kipya, akamfunika kanga juu ya sweta, akakimbilia lori. Watoto walichungulia dirishani. Waliiona mikeka, wakaliona na jiko. Walikuwa wameshagawana hata viti, wakibishana nani atakaa wapi.

Bibi Kissa alimfuata Mwalimu Mkuu ofisini.

"Mwalimu, nipe ufunguo niwapikie watoto uji."

"Bibi yangu, tukishakitumia hicho chumba, mgeni atazindua nini? Atakuta mikeka ina matope na kuta zina alama za vidole. Tutaonekana watu wa ajabu."

"Kwani mtoto akizaliwa, husubiri mgeni rasmi ndipo anyonye?"

Mwalimu Mkuu akacheka sana. Alidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Akamwambia apumzike nyumbani, ataitwa siku ikifika.

Haikuishia hapo. Asubuhi moja Mwalimu Mkuu alizunguka kile chumba akaona ukuta mweupe wa kibarazani umechafuka. Nyayo za matope zilikuwa kila mahali, kama unavyotarajia pale watoto wanapojikinga na mvua. Akakasirika. Akaamuru ukuta upakwe rangi upya, na watoto wasionekane tena kibarazani hadi baada ya uzinduzi. Tangu siku hiyo wakawa wanasubiri kengele chini ya tangi la maji, nyuma ya vyoo. Tangi linakinga mvua ya juu tu. Ile inayosukumwa na upepo halina habari nayo.

Mama Sekela aliposikia, hakulipanda lori siku iliyofuata. Alisubiri hadi Mwalimu Mkuu akafika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Sekela. Mbona hujaenda shambani?"

"Mwalimu, mtoto anakohoa. Naomba waingie ndani, hata kwa wiki hii tu. Mimi mwenyewe nitakuja Jumamosi kupiga deki na kufuta kuta, mgeni hatajua."

"Mama Sekela, mimi ni mzazi kama wewe, naumia kama wewe. Lakini mambo yana utaratibu wake. Chumba hakiwezi kukaliwa kabla ya kuzinduliwa."

"Basi wakae darasani."

"Madarasa yanafunguliwa na walimu wa zamu, na walimu wa zamu wanafika kwa muda wao. Vumilia. Subira huvuta heri."

Alisubiri. Angefanya nini? Kwa kukosa siku moja tu, msimamizi wa shamba alikuwa ameshamwonya kwamba akikosa ya pili asirudi tena. Wazazi wengine walinung'unika kisimani na kwenye foleni ya kupima majani ya chai, lakini mbele ya Mwalimu Mkuu kila mtu alikuwa na heshima zake. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ni adabu hata pale mtoto anapotetemeka.

Kikohozi cha Sekela kiligeuka homa. Mama yake alimchemshia tangawizi, akampaka mafuta kifuani, akamfunga mgongoni akampeleka zahanati. Zahanati wakampeleka hospitali. Huko wakasema ni nimonia, na kwamba amecheleweshwa.

Sekela alizikwa siku ya Alhamisi. Shule yote ilikwenda. Mwalimu Mkuu alisimama makaburini akasema kwa sauti ya huzuni, "Wapendwa, kazi ya Mungu haina makosa." Kweli, ya Mungu haina. Ya mwenye ufunguo hakuiongelea.

Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Hatimaye mgeni rasmi akaja.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani. Watoto walivaa fulana mpya, ngoma ikapigwa, pilau likanukia hadi barabarani. Wazazi wote waliagizwa kuhudhuria, na shamba likawapa ruhusa. Hii nayo itazame: ruhusa ya kuja kumwona mgeni ilipatikana bila shida. Mama Sekela naye alikuja, akasimama nyuma kabisa.

Mwalimu Mkuu alishika kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni rasmi, wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo umekuja, na sisi tumepona!"

Watu wakapiga vigelegele. Mlango ukafunguliwa kufuli, ukabaki utepe. Mgeni akakabidhiwa mkasi juu ya sahani. Kabla ya kukata akamgeukia Bibi Kissa, aliyekuwa amesimama pembeni yake, akamuuliza kwa upole huku kipaza sauti kikiwa karibu:

"Haya bibi, niambie. Watoto wameizoeaje klabu yao?"

"Klabu ipi, Mheshimiwa?"

"Si hii? Mlianza muhula uliopita."

Mgeni akamtazama Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, si nilikupigia simu mwenyewe? Nilikwambia mimi nina mambo mengi, fungueni, watoto waanze, msinisubiri."

Uwanja mzima ulimsikia. Mwalimu Mkuu alitoa leso akajifuta uso.

"Ulisema, Mheshimiwa. Ila mimi nilijua ni ustaarabu wako tu. Mtu mkubwa akisema msinisubiri... nani atathubutu kutomsubiri?"

Mgeni alishusha pumzi. Nadhani alitaka kuiokoa siku, kwa sababu alitabasamu kidogo akasema, "Basi yaliyopita yamepita. Nilisimuliwa kwamba kuna mama mmoja ndiye aliyesimama kwenye kikao kuomba chumba hiki. Aje hapa na mtoto wake, tukate utepe pamoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walipisha njia, na Mama Sekela akapita katikati yao hadi mbele. Alikuwa peke yake.

"Karibu mama. Na mtoto je?"

"Mheshimiwa, wewe hukujua kama unasubiriwa. Mwanangu ndiye aliyekusubiri." Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya vyoo. "Alikusubiria pale, chini ya tangi, kwa sababu ukuta huu ulikuwa umepakwa rangi kwa ajili yako. Alipoumwa aliniuliza kama mgeni ameshafika. Nikamwambia bado. Tukamzika ukiwa bado."

Mgeni rasmi aliurudisha mkasi kwenye sahani. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

Ndipo manyunyu yakaanza kudondoka. Watoto walitazamana, wakautazama na ule mlango uliokuwa wazi, lakini hakuna aliyethubutu kusogea. Mama Sekela akaushika utepe kwa mkono mmoja, akauinua kidogo.

"Ingieni, wanangu," akasema. "Mnalowa."

Wakainama wakapita chini ya utepe, mmoja baada ya mwingine, hadi chumba kikajaa. Haikuchukua muda hata wa kunywa kikombe cha uji. Watu wazima wote walisimama mvuani wakitazama jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi.

Jioni ile wazazi walipanga mstari mlangoni, kila mmoja akaita jina la mtoto wake, akamshika mkono wakaenda nyumbani. Mama Sekela alikuwa ameshaondoka. Hakuwa na wa kumchukua.

Funzo: Mlango uliojengwa kwa ajili ya mtoto ufunguliwe siku mtoto anapofika, si siku mkubwa anapofika. Mkubwa akikosa sherehe moja atapata nyingine, lakini heshima tunayompa mkubwa kwa kumwacha mdogo nje si heshima, ni woga, na anayelipia woga wetu siku zote ni yule asiyeweza kujisemea.